Kalavati Namba 14: tulivyoacha kutegemea kundi la simu peke yake

Nina duka la vifaa vya ujenzi Muriet, na kwa miaka kadhaa nimekuwa admini wa kundi la WhatsApp la mtaa wetu. Kundini kuna watu mia tatu na kitu: bodaboda, mama ntilie, walimu, wapangaji, mabalozi wa nyumba kumi, na mwenyekiti wa mtaa mwenyewe.

Aprili 2024, hapa jijini Arusha, gari la shule lilisombwa na maji ya korongo na watoto wakafariki. Usiku ule kundini hakuna aliyelala. Kila mzazi alituma picha ya mtaro anaouogopa, ule ambao mwanawe huuvuka kwenda shule. Asubuhi nilihesabu picha sitini na moja. Nikajua hatuwezi kuliacha jambo hili lipite.

Baada ya wiki mbili nikaenda na mwenyekiti kumwona mhandisi. Alitupokea vizuri, akafungua daftari, akauliza, "Mama, ni makalavati yapi, na yako wapi?" Yaani zile njia za zege zinazopitisha maji chini ya barabara. Nikatoa simu nikaanza kutafuta. Misiba miwili, mchango wa harusi, mbuzi aliyepotea, dua za asubuhi, mabishano ya Simba na Yanga. Picha nilizozipata hazikuonyesha zilipigwa wapi, na mtaro uliojaa matope unafanana na mwingine wowote. Mhandisi aliandika mistari miwili, kwa sababu nilichompa ni mistari miwili. Nilirudi nyumbani na uchungu mwingi. Uchungu wote wa wale wazazi ulikuwa ndani ya simu yangu, na haukuweza kumsaidia mtu anayetaka kujua achimbe wapi.

Tulikuwa pia na ukurasa kwenye mtandao mmoja mkubwa, wenye wafuasi zaidi ya elfu mbili na picha za miaka miwili. Julai mwaka huohuo nikaukuta umefungwa. Nilijaza fomu ya rufaa mara tatu, na kila mara nikajibiwa na mashine, kwa Kiingereza, kwa maneno yaleyale. Hakuna ofisi ya kwenda kubisha hodi. Kazi ya majirani zangu ilikuwa imehifadhiwa kwenye nyumba isiyo yetu, na mwenye nyumba akabadilisha kufuli.

Mtoto wa kaka yangu, aliyekuwa amerudi likizo kutoka chuo Dar es Salaam, ndiye aliyenionyesha njia nyingine. "Shangazi, mnalia na picha, kumbe mnahitaji ramani," aliniambia. Akanieleza habari za Ramani Huria, mradi ulioanza Dar es Salaam 2015, ambapo wanafunzi na wakazi walitembea mtaa kwa mtaa wakichora mitaro na nyumba za maeneo yanayofurika. Walichora kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri na yeyote anaweza kuichukua, kuichapa na kuitumia bila kulipa, mradi ataje ilikotoka. Kila badiliko linabaki kwenye historia: nani alichora, lini, na kabla yake palikuwaje. Nilipofungua mtaa wetu nikaona barabara kuu, msikiti, shule mbili. Mtaro hata mmoja haukuwepo.

Tulianza Agosti, ardhi ikiwa kavu. Tulikuwa watu wanne: mimi, mpwa wangu, balozi mmoja na kijana wa bodaboda anayejua kila kichochoro. Tulitumia OsmAnd, programu ya ramani inayofanya kazi bila bando ukishapakua eneo lako. Unasimama kwenye kalavati, unaweka nukta, unapima mdomo kwa futi kamba, unaandika upana na kina cha mchanga uliomo, unasogea. Jioni tunakaa dukani, nyuma ya mifuko ya saruji, kuchora kwenye kompyuta ya mpwa wangu.

Wiki ya pili nikapata ujumbe kutoka kwa mchoraji mmoja wa Ujerumani. Alinieleza kwa upole kwamba njia ya maji huchorwa kufuata mkondo, kutoka juu kwenda chini, na mitaro yangu mitatu ilionyesha maji yakipanda kuelekea Mlima Meru. Nikarekebisha. Yule mtu hajawahi kukanyaga Muriet, lakini alinifundisha kitu ambacho kilikuja kutusaidia kuliko vyote. Mishale ilipokaa sawa, kwa mara ya kwanza tuliona kwamba maji yanayoingia kwenye nyumba za chini hayaanzii pale watu walipokuwa wakigombana. Yalikuwa yanakwama kalavati tatu juu yake.

Kuna jambo lilinichanganya mwanzoni. OpenStreetMap hupokea kitu kilichopo, yaani mtaro, daraja, kalavati, lakini haipokei malalamiko. Huwezi kuandika pale kwamba "limeziba tangu Ijumaa." Kwa hilo tulitumia uMap, nyenzo ya wazi inayokuwezesha kuweka tabaka lako juu ya ramani hiyo. Kila nukta ikapewa namba, tarehe na picha. Yalipatikana makalavati 37, na 11 kati yake yalikuwa yameziba.

Baada ya hapo nikaomba ruhusa kwa mtendaji, nikatoa kopo la rangi nyekundu dukani, tukazunguka tukiandika namba kwenye zege la kila kalavati. Hii ndiyo sehemu ninayotamani mitaa mingine iige. Kwa sababu ukweli ni kwamba majirani hawakuhamia kwenye ramani. Niliwaomba kundini wajisajili, wakajisajili watano. Wengi hununua kifurushi cha mitandao ya kijamii tu, hivyo tovuti nyingine kwao ni kama haipo. Wazee wengi wana simu za kitochi. Siwalaumu hata kidogo. Watu wako WhatsApp, na ukitaka watu lazima uende waliko. Lakini sasa mtu akipita anaona namba nyekundu, anaandika kundini, "Na. 9 imejaa chupa," na sisi tuliojisajili tunaingiza kwenye ramani jioni hiyohiyo. Asiye na simu kubwa humtajia balozi namba, na inatosha. Kelele za kundi zikiisha, namba inabaki.

Uwazi nao una hatari zake, nasi tuliziona mapema. Jirani mmoja alikuwa amejenga ukuta juu ya mtaro. Kijana akatupia kundini picha ya nyumba na jina la mwenyewe, na siku mbili watu walitukanana hadi mwenyekiti akaingilia. Ramani haisahau kama kundi linavyosahau, kwa hiyo tulikubaliana: tunaandika mtaro unaishia wapi, hatuandiki ni kwa nani. Sura za watu haziingii, za watoto ndiyo kabisa. Yule jirani tulimwendea nyumbani kwake jioni, wazee wawili na mimi, tukanywa chai. Alikubali kutoboa ukuta.

Oktoba tulichapa ramani kubwa mjini, nikaibandika ukutani dukani, na nakala tukampelekea mhandisi. Ile ramani ilitusaidia hata kujua barua iende wapi: mitaro iliyo kando ya barabara kuu ni ya TANROADS, ya barabara za mitaani ni ya TARURA, na zamani tulikuwa tunaandika malalamiko ya wote kwenye karatasi moja. Safari hii mhandisi hakuuliza yako wapi. Alishuka nayo chini kwa kidole, kalavati kwa kalavati, akifuata mishale.

Saba yaliyoziba kidogo tulizibua wenyewe kwa msaragambo wa Jumamosi mbili, majembe na toroli vikitoka dukani kwangu. Mawili makubwa, likiwemo Namba 14 lililokuwa na mchanga zaidi ya nusu, mtambo wa kuchimba, kijiko, ulikuja Februari. Mawili bado, na kila mwisho wa mwezi tunapeleka barua yenye namba zake.

Masika ya 2025 mvua kubwa ya kwanza ilinyesha usiku. Nilikaa na simu mkononi kama mwaka uliotangulia. Saa tano na robo ukaingia ujumbe kutoka kwa mama mwenye nyumba ya chini kabisa, ambaye mwaka huo uliotangulia alilala juu ya meza na wanawe wawili: "Nimetoka na tochi. Na. 14 inapitisha."