Giadia ya mbwa: jeli ilivyonigomea hadi nikapunguza DNA

Ukiambiwa uhifadhi kinyesi cha mbwa kwenye fomalini wakati unataka kusoma jeni, kataa. Fomalini inawafaa wa darubini, ila DNA inakatikakatika humo na kung'ang'ania protini. Mimi nilitumia ethanoli ya asilimia 70, na waliokuwa wananibishia sasa wananiomba maelekezo.

Nilikuwa natafuta giadia, kimelea cha utumbo kinachosababisha kuharisha, kwa mbwa wa majumbani hapa Morogoro. Kwenye darubini unaona kifuko cha mviringo wa yai, mikromita kama 10 hivi, basi. Ni giadia ya nani, huwezi kujua, maana zote zinafanana. Jeni ndizo zinazotenganisha: kundi A na B humpata binadamu na wanyama wengi, C na D ni za mbwa, E ya mifugo ya kwato, F ya paka.

Nikagandisha na kuyeyusha mara kadhaa ili ganda la kifuko lipasuke, nikatoa DNA, nikaendesha PCR, yaani kunakili kipande cha DNA hadi kiwe kingi, kisha nikakipitisha kwenye jeli, ambako DNA ikiwepo huonekana kama mstari, ndiyo bendi. Jeli tupu! Na vimelea nilikuwa nimeviona kwa macho yangu. Kaka mmoja wa maabara akaniambia, "Mdogo wangu, ongeza DNA." Nikaongeza. Tupu vilevile, na vitendanishi vyenyewe bei yake inauma.

Ndipo nikachukua DNA ya giadia ambayo siku zote inatoa bendi safi, nikaichanganya na ile iliyogoma. Nayo ikanyamaza! Hapo nikajua kimeng'enya kinachonakili DNA kinakabwa. Chumvi za nyongo na mabaki mengine ya kinyesi hutoka pamoja na DNA, kwa hiyo ukiongeza DNA unaongeza na hayo. Nikafanya kinyume: sehemu moja ya DNA, tisa za maji, na albumini kidogo ya damu ya ng'ombe, ambayo huvinasa hivyo vizuizi. Bendi zikatoka zimenyooka, nikaita maabara nzima waje kuona.

Majibu ya mfuatano wa herufi za DNA yakarudi C na D. Kulikuwa na mama ambaye majirani walimshauri amuue mbwa wake kwa sababu mtoto anaharisha. Nilimpigia mwenyewe: "Mama, giadia ya mbwa wako ni ya mbwa. Mpe dawa, abaki nyumbani, mtoto apimwe hospitali."

Ila usitoe jibu kwa jeni moja. Jeni ya beta-giadini inaweza kusema hivi na jeni nyingine, gdh, ikasema vingine kwa mbwa yuleyule, hasa akiwa amebeba makundi mawili, na A nayo wakati mwingine huonekana kwa mbwa. Soma angalau mbili kabla hujampigia mtu simu.