Kutoka Moi Avenue Hadi Subukia, Kufuata Tetemeko la 1928

Julai 2007 nilikuwa orofa ya sita katikati ya Nairobi kiti kilipoanza kuniyumbisha. Tulishuka ngazi mbio, wengine viatu mkononi, tukasimama barabarani tumeinua macho kuyatazama majengo. Chanzo kilikuwa mbali, kaskazini mwa Tanzania, karibu na mlima Ol Doinyo Lengai. Tangu siku hiyo swali moja halijaniacha: ardhi yetu wenyewe imewahi kutikisika kiasi gani?

Jibu liko Subukia, katika Bonde la Ufa karibu na Nakuru, usiku wa Januari 6, 1928. Ukubwa wake 6.9, tetemeko kubwa kuliko yote yaliyorekodiwa nchini Kenya. Namba hiyo haikujulikana usiku ule, maana Charles Richter alitoa kipimo chake mwaka 1935. Ilikokotolewa baadaye kutokana na michoro ya mitambo ya ng'ambo. Zaidi ya mitambo, wanaochunguza matetemeko ya zamani hutegemea barua, magazeti na ripoti za maafisa: ukuta upi ulipasuka, chombo gani kilianguka, nani aliamka. Kipimo cha Mercalli chenyewe kimejengwa juu ya yale watu waliyoyahisi na kuyaona.

Nilimaliza asubuhi mbili katika Jumba la Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, lile ambalo Wanairobi hupeana miadi nje yake bila kuingia. Majalada niliyofungua yalizungumza kwa sauti ya walowezi. Vibarua waliolala kwenye vibanda vya mashamba yao hayohayo hawakupata hata mstari mmoja. Jambo hilo liliniuma. Ramani ya tetemeko huchorwa kwa maneno ya aliyekuwa na kalamu, na palipokosekana kalamu panaonekana kama palitulia.

Basi nikapanda matatu Nyamakima. Ukishapita Limuru unafika ukingoni, na bonde lote liko miguuni pako, Longonot katikati. Abiria wengi walikuwa usingizini. Mimi hushindwa kulala hapo: ukuta ule ni kazi ya matetemeko mengi mno, kila moja likishusha ardhi kidogo, huku Afrika ya mashariki ikijitenga na bara milimita chache kwa mwaka. Nakuru nilibadilisha gari, tukapanda Bahati, kisha tukateremkia Subukia.

Mwaka ule wa 1928 ardhi ilipasuka kwa takriban kilomita 38 chini ya genge la Marmanet. Mwenyeji mmoja alinipeleka kwa mzee wa zaidi ya miaka 80, anayelima chini ya mteremko.

"Guka, nimekuja kuuliza habari za tetemeko."

"Githingithia," akanisahihisha kwa Kikuyu. "Mimi sikuliona. Mama aliliona. Keti kwanza, unywe chai."

Mama yake alikuwa msichana mdogo, wazazi wake vibarua wa shamba. Usiku ule, alisema, mafiga yaliachana, chungu kikapinduka, maji yakamwagikia majivu na nyumba ikajaa moshi. Baba yake akawatoa wote nje, wakalala na ng'ombe hadi kulipokucha. Ardhi iliendelea kutikisika siku kadhaa, na mama yake hakutaka tena kulala mbali na mlango, hata alipozeeka.

Nilimuuliza chungu kilikuwa na ukubwa gani. Akaviringisha mikono kifuani kuonyesha, akafikiri, akaipanua kidogo. Nikaandika: mafiga matatu, chungu cha maji, kimejaa, kimepinduka.

Kisha tukaenda shambani. Safu ya mahindi ilikuja sawasawa, ikafika mahali ikashuka kama ngazi, karibu usawa wa kiuno changu, ikaendelea chini. Nyasi zimeotea hapo, na mbuzi wametengeneza kijia cha kupandia. Mzee akasimama juu, mimi chini.

"Mama alisema kabla ya usiku ule palikuwa tambarare," akaniambia. "Andika na jina lake."

Nikamuuliza linavyoandikwa, herufi kwa herufi.