Kidole tumbo kilichokaa kushoto

Kijana alilala kiubavu, goti la kushoto amelikunja, kiganja kimebana chini ya tumbo upande huohuo. Nilimwambia akohoe, akauma meno kabla hata hajakohoa. Maumivu yalianzia kitovuni jana yake, akatapika, chakula hakitaki. Dalili zote zilikuwa za kidole tumbo, ila upande ulikataa, nami nikaandika kwenye faili: "Choo kigumu?" Alama ile ya kuuliza inaniuma mpaka leo.

Tumefundishwa kubonyeza pale alipoonyesha daktari mpasuaji McBurney mwaka 1889, chini kulia, ndipo kidole tumbo hukaa kwa kawaida. Lakini mtoto akiwa bado tumboni mwa mama, utumbo wake hujizungusha nyuzi 270 ndipo utulie. Mzunguko ukikatika njiani, utumbo mpana waweza kubaki kushoto, na kidole tumbo nacho. Wapo pia waliogeuka viungo vyote, moyo kulia, ini kushoto. Hao angalau stethoskopu inaweza kukushtua. Huyu moyo wake ulikuwa mahali pake.

Picha ya CT ndiyo iliyosema kweli. Utumbo mwembamba ulikuwa umejaa kulia, na vena kubwa ya utumbo, mshipa unaorudisha damu, ilikaa kushoto kwa ateri yake, mshipa unaoileta, wakati kwa kawaida hukaa kulia. Kidole tumbo kilikuwa kushoto, kimevimba, ila hakijapasuka. Nilishusha pumzi.

Alipozinduka baada ya upasuaji nilimchorea tumbo lake kwenye karatasi, nikamsihi aitunze na kumwonyesha kila daktari atakayemshika tumbo.