Ukikimbia deni la Uingereza, soma ile barua isiyopiga kelele

Kila nikija Mwanza likizo, salamu zikiisha na zawadi zikigawanywa, hakosi mtu wa kunivuta pembeni. Safari hii ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, aliyeishi Manchester akarudi, na sasa ananunua dagaa mwaloni Kirumba anapeleka Tabora. Alipoondoka aliacha mkataba wa simu haujaisha na kadi ya benki ina deni. Mwenzake aliyepanga naye amekuwa akimrushia picha za barua kwa WhatsApp.

"Dada, nikirudi kule watanikamata uwanja wa ndege?"

Hakuna wa kumkamata. Deni la kadi au simu kule ni la madai, si jinai. (La hospitali za umma ni habari nyingine: likifika pauni 500 linaweza kukukwamisha viza, na wengi wetu hawalijui hilo.) Kinachomngoja ni ripoti ya mikopo, ambayo mwenye nyumba, benki na kampuni ya simu huichungulia kabla hawajakujibu.

Ukikwama kulipa kadi, kwa kawaida kati ya miezi mitatu na sita, mkopeshaji anakutumia notisi yenye angalau siku 14 za kurekebisha mambo. Zikipita, anakupiga difolti, yaani anaandika kwamba umeshindwa kulipa na mkataba umevunjika. Tarehe hiyo inaingia Experian, Equifax na TransUnion, kampuni tatu zinazoandaa ripoti za mikopo, na kuanzia hapo inahesabiwa miaka 6. Ikitimia, rekodi inafutika, uwe umelipa au hujalipa. Ukilipa katikati haiondoki mapema. Inaandikwa tu kwamba deni limelipwa, jambo ambalo mkopeshaji mwingine atalipenda. Deni likiuzwa kwa wakusanya madeni, tarehe inabaki ileile. Kwa hiyo wale "wataalamu" wa kwenye magrupu wanaodai pauni mia kadhaa wakusafishie ripoti ni matapeli tu. Difolti ya kweli haisafishiki, na yenye makosa unaipinga mwenyewe bila kulipa senti.

Binamu akachangamka. "Basi nikae na dagaa wangu mpaka miaka ipite!"

Hapo ndipo wengi wanapojichanganya. Kufutika kwenye ripoti si kusamehewa. Deni lenyewe lina hesabu yake pembeni: England na Wales, mdai wa deni la namna hii ana miaka 6 ya kwenda mahakamani, Scotland 5. Hesabu hii, ikiwa bado haijaisha, inaanza upya England ukilipa hata pauni tano au ukikiri deni kwa maandishi yenye sahihi yako. Anayetuma vijisenti kutoka Mwanza kwa aibu anampa mdai muda mpya, na ripoti yake haisogei hata siku moja. Sisemi watu wasilipe. Mimi ningelipa, lakini baada ya kujua ninalipia nini.

Nikamwambia anionyeshe zile picha. Iliyomnyima usingizi ilikuwa na maandishi mekundu makubwa, ya mkusanya madeni. Namwelewa: huku kausha damu wanabeba friji na godoro mchana kweupe majirani wakitazama, kwa hiyo mtu anazoea kumwogopa anayepiga kelele. Chini yake kulikuwa na nyingine ya wino mweusi, ya kawaida kabisa, hata hakuifungua vizuri. Tukaikuza kwenye simu. Ilitoka mahakamani, ikimtaka ajibu ndani ya siku 14, na zilishapita zamani.

Mahakama hutuma barua kwenye anwani yako ya mwisho inayojulikana. Usipojibu, mdai anaweza kuomba hukumu na akaipata bila wewe kuwepo. Hukumu nayo inakaa kwenye rekodi miaka 6, ila inahesabiwa kuanzia tarehe yake yenyewe. Ukiilipa yote ndani ya mwezi mmoja inaondolewa. Ukichelewa inabaki, imeandikwa imelipwa. Asiyepata barua anaweza kuiomba mahakama iitengue, lakini asikawie akishajua.

Ripoti ni bure kwa kampuni zote tatu. Unatoa jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani ulizoishi. Tumeomba jana usiku, shangazi akilalamika chakula kinapoa. Mkusanya madeni hatumpigii wala hatumtumii kitu mpaka tuone tarehe ya difolti, na kama hukumu ilitoka.