Gari la Kanisani na Kurudi

Jumamosi tukitoka sokoni, kitinda mimba wetu aliniuliza kwa sauti ya kusikika hadi kwa mwenye gari: "Baba, kwa nini kila ukiona gari limebandikwa 'linauzwa' unalishika boneti?" Mwenye gari akacheka. Mke wangu, Mama Neema, akasema tu, "Mwache baba yako, ana mambo yake." Basi ngoja niandike, maana hata shemeji wa Kimara hajawahi kuisikia yote.

Ilikuwa 2018. Ubungo ilikuwa vumbi na mabati, daraja linajengwa, na foleni ya kutoka Mbezi ilianza kabla jogoo hajawika. Vitz yetu ilikuwa imechoka kuburuza tumbo kwenye mtaa wetu wa Goba. Mvua ikinyesha tunaiacha dukani pale lami inapoishia, tunapanda kilima kwa miguu, viatu mkononi. Halafu mama yangu akaja kutoka Songea na magoti yake. Kuingia mpaka achuchumae, kutoka mpaka tumvute wawili. Ikaamuliwa, na mnajua aliyeamua, kwamba tutafute gari la juu.

Kuagiza Japani tulipiga hesabu tukanyamaza. Gari la zaidi ya miaka 10 linabebeshwa ushuru wa uchakavu juu ya ushuru mwingine wote. Hela yetu ingelifikisha bandarini, tukabaki kuliangalia kwenye uzio. Kwa hiyo la mkononi. RAV4 ile wanayoiita Kili Time ilikuwa na bei ya watu wanaojua kila mtu anaitaka. Forester, Mama Neema aliikataa kwa sababu ambazo hakuzitaja. Ndipo dalali akaleta picha za Nissan X-Trail ya toleo la kwanza, T30, petroli, injini ya lita 2, usajili wa namba C, iko Segerea kwa mzee mstaafu. Mtu mmoja tangu lishuke bandarini. "Linaenda kanisani na kurudi, bosi."

Kila gari linalouzwa Dar huwa linaenda kanisani na kurudi. Sijui haya yanayojaza foleni siku za kazi ni ya nani.

Nikamchukua fundi wetu, elfu 50 na nauli. Miadi ilikuwa saa mbili asubuhi, yeye akasema tufike saa moja, na sababu hakutoa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mbona mapema?"

Fundi alishasalimia, kwake hiyo ilitosha. Alilipita geti, akaenda moja kwa moja hadi kwenye gari, akaweka kiganja juu ya boneti na kukiacha pale kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Mzee wangu, hili limeshawashwa leo."

"Nimetoka kununua mkate."

Na mkate ulikuwepo kweli. Ulikuwa kwenye kiti cha mbele, ndani ya mfuko wake, haujafunguliwa. Fundi akautazama mkate, kisha akageuka akatazama ng'ambo ya barabara. Kulikuwa na duka pale, unaliona kutoka getini, mikate imepangwa kwenye kabati la kioo.

"Mimi nina sukari," mzee akasema kabla hajaulizwa. "Nakula wa brauni."

Ulikuwa wa brauni.

Kwa wasiojua ugomvi uko wapi: injini iliyokwisha kupashwa moto ina adabu. Oili imeshapanda, vyuma vimeshatanuka, kelele za asubuhi zimekwisha. Injini ya T30 hiyo haina mkanda wa taiming, ule unaoendesha vali za injini kwa mpangilio, ina cheni. Mwenye gari akichelewesha kumwaga oili miaka na miaka, cheni inalegea, na ikilegea hulalamika zile sekunde za kwanza tu, kabla presha ya oili haijakikaza kile kikaza cheni. Ukilikuta gari limeshaunguruma, husikii kitu, unalipa, na kelele unakutana nazo kesho yake ukiwa kwako.

"Tutasubiri lipoe," fundi akasema.

"Karibuni barazani," mzee akasema.

Hakuna aliyepandisha sauti. Tukakaa. Mama mwenye nyumba akatuletea chupa ya chai, vikombe, na sahani ya mkate. Ule ule. Umekatwa vipande vinono, umepakwa siagi. Nikamtazama fundi, fundi akanawa mikono. Tukaula ushahidi wote kwa chai ya tangawizi, na yeye ndiye aliyekula kuliko wote, uso mkavu, kila baada ya muda anainuka kwenda kugusa boneti, anarudi anatikisa kichwa, anamiminiwa kikombe kingine. Katikati ya kikombe kimojawapo ikagundulika mzee ni Mpare na fundi ni Mchaga, watani. "Kumbe ni Mpare!" fundi akasema, mara ya kwanza nimemwona akitabasamu asubuhi ile. "Basi bei hii tutaishia mahakamani." Mzee akamjibu kwamba Mchaga akija kununua kitu ufiche hata mbwa. Tukacheka sote, na gari likawa linapoa huku tunalitazama.

Jua lilishapanda juu ya ukuta fundi aliponirushia funguo. "Washa. Usikanyage mafuta." Akainamisha sikio kwenye injini, upande wa cheni. Mzee akaenda kusimama nyuma, karibu na ekzosi, mikono mgongoni. Mkewe akatokea mlangoni na kitambaa cha vyombo. Nikazungusha.

Krrrrr. Kavu, chuma juu ya chuma. Sekunde mbili, labda tatu. Kisha ikakata, injini ikalainika, na sauti ikawa ile ambayo dalali angetaka niisikie peke yake. Moshi wa bluu, ule wa injini inayokula oili, haukutoka. Fundi hakusema neno, alimtazama mzee tu. Mzee alikuwa anatazama bati la nyumba yake.

"Hata mimi magoti asubuhi hulia hivyo hivyo," akasema, "na bado natembea."

Mengine yalikwenda haraka. Namba ya chesesi ililingana na kadi. Sakafu chini ya tairi la akiba haikuwa na welding ya kuficha ajali. Tairi mbili za nyuma zilisomeka 0911, yaani za wiki ya 9 ya mwaka 2011, kashata bado zipo lakini mpira umeanza kupasuka. Gia boksi, ile ya kawaida ya gia nne, iliingia D bila kushtuka. CVT, zile zisizo na hatua za gia, zilikuja na toleo la 2007. Kukata kona hadi mwisho, CV jointi, vile viungo vya ekseli, kimya. Matuta ya Kinyerezi yakafichua ubovu wa stabilaiza linki, vyuma vidogo vya kuzuia gari lisilale kwenye kona. Kitufe cha 4WD, cha kuzungusha tairi zote nne, kilifanya kazi, AUTO na LOCK, na fundi akaniambia nikisahau, kwa lami ya Dar sitakigusa. Alichokitaka yeye ni foleni. Tukaenda kuitafuta Tabata Relini, AC imewashwa, tukakaa humo tunatoka jasho la wasiwasi huku mshale wa joto umesimama katikati. Nilimwelewa. Gari la familia mjini halijaribiwi likikimbia.

Mzee alianzia milioni 12. Cheni ikashusha, tairi zikashusha, tukaachana kwenye milioni 10 na nusu. Cheni tuliibadilisha kabla ya Krismasi, punguzo likatosha, ikabaki ya kujaza tangi.

Mama alipoliona alilizunguka, akasifia rangi, akafungua mlango, akatazama kiti, akatazama goti lake. Vitz ilikuwa chini mno, hili lilikuwa juu mno. Jioni ile ile kigoda cha jikoni kikahamia kwenye buti, kikaishi humo. Goti la mama halikuwa kwenye elfu 50 ya fundi.

Mwaka uliofuata mzee alinipigia kuulizia hali ya gari. Nikamwambia habari ya cheni. Akasema pole, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama bado siamini kwamba alikwenda kununua mkate. Sikuwa nimewahi kumtamkia kwamba siamini. Akanielekeza duka, liko Kinyerezi, mbele kidogo ya stendi. Mama Neema, ambaye tangu mwanzo yuko upande wa mzee, anasema twende tukaulize kama wanauza wa brauni. Napita pale mara kwa mara. Mpaka leo sijasimama.