Tundu kwenye buluu

Leo mchana, Ath Yenni, milima ya Kabylie, Algeria.
Tabzimt imetoka tanurini na tundu moja, dogo kama kichwa cha pini, katikati kabisa ya kioo chake cha buluu.

Tabzimt ni bizimu la fedha la duara la Waamazigh, wenyeji wa Afrika Kaskazini. Sikieni majina, tabzimt na bizimu ni kama ndugu!

Sababu ya tundu ni haraka tu.
Waya mwembamba wa fedha hulehemewa juu ya bamba kutengeneza vijumba, kisha vijumba hujazwa unga wa kioo uliolowa maji. Ukiingia kwenye joto la nyuzi 800 hivi kabla haujakauka, mvuke hurusha chembe na kuacha shimo.
Dawa: safisha, jaza tena, kausha taratibu, rudisha motoni.

Buluu hiyo hutokana na kobalti, aina ya metali. Wenyewe husema ni mbingu, kijani ni mimea, njano ni jua.

Na marijani nyekundu za kulipamba? Huwekwa mwisho kabisa, fedha ikishapoa. Moto huipausha na kuipasua, na hiyo haina dawa.

Masonara mliomo humu, mngeliziba au mngeliacha?