Nilivyochagua breki ya mtutu kwa bunduki yangu ya .22-250

Nilipoanza kutafuta breki ya mtutu, yaani kifaa kinachofungwa mdomoni mwa bunduki kupunguza teke lake, kila niliyemweleza aliniuliza swali lile lile: bunduki ndogo hivyo ina teke gani? Yangu ni ya bolti, yaani komeo la kuvuta kwa mkono, kaliba .22-250 Remington, na kweli bega langu halijawahi kuuma kwa sababu yake. Kilichonisumbua ni jicho. Kila nikifyatua, mdomo wa mtutu unanyanyuka, picha ndani ya darubini inaruka, na nikiipata tena shabaha risasi imeshafika zamani. Imepiga wapi, sijui. Nawinda koyoti, yule ndugu wa bweha, kwenye nyika kavu za kusini mwa Boise, jimboni Idaho, na mara nyingi niko peke yangu. Hakuna wa kuniambia kwamba nimepitisha kushoto.

Breki inafanya kazi kwa gesi ya baruti. Gesi ikitoka nyuma ya risasi inagonga kuta za breki na kuivuta bunduki mbele, na ikiwa kuna vitundu juu, hiyo inayotokea juu inaukandamiza mdomo wa mtutu chini. Ndiyo maana .22-250, inayochoma takriban greni 35 za baruti (greni ni kipimo kidogo cha uzito) kusukuma risasi ya greni 55, inafaidika zaidi kuliko kaliba ya .223 yenye greni kama 25 tu.

Ya kwanza niliinunua kwa bei rahisi. Ilikuwa ya mviringo, ina vitundu pande zote, hata chini. Kwenye benchi ya kulengea ilinipendeza sana. Nikaenda nyikani, nikalala kifudifudi kwenye udongo mkavu, nikafyatua. Vumbi lilipanda mbele yangu kama gari limepita barabara ya vumbi, likaingia machoni na kwenye kioo cha darubini. Nilikuwa nimenunua kitu cha kunionyesha risasi inapopiga, nacho ndicho kilichoniziba macho. Tangu siku hiyo sharti langu la kwanza ni kwamba chini ya breki pawe pazima, matundu yawe ubavuni, na juu yatosha mawili au matatu madogo.

Sharti la pili ni tundu la kutokea risasi. Bunduki nyingi za kaliba hii hukatwa mdomoni uzi wa skrubu wa nusu inchi wenye meno 28 kwa inchi, lakini uzi huo huo uko pia kwenye mitutu mingi ya milimita 9. Usifunge kitu kwa sababu tu kinaingia! Breki ya milimita 9 kwenye .22 itakuwa na tundu pana mno na gesi itapita katikati bila kufanya kazi. Ukigeuza, breki ya .22 kwenye mtutu wa milimita 9, risasi itaipasua. Niliyochagua ina tundu lililozidi risasi kwa nusu milimita hivi, maana yake kila upande kuna nafasi ya robo milimita tu.

Kwa nafasi hiyo, fundi wa bunduki ndiye anayeamua kila kitu. Mtutu wangu haukuwa na uzi, na niliyempa kazi aliuweka kwenye mashine ya kukereza akapima kwa kufuata tundu la ndani, kwa sababu tundu na ganda la nje si lazima vilingane katikati. Nyumbani nilihakikisha bunduki haina risasi, nikatoa bolti, nikapitisha fimbo iliyonyooka ndani ya mtutu, nikaitazama kwenye tundu la breki. Duara la mwanga lilikuwa sawa pande zote. Baada ya risasi tano nikakagua tena kwa tochi: masizi yametanda sawasawa, hakuna alama ya shaba ya risasi kwenye kuta. Hapo ndipo nilipopumua.

Nilichukua yenye nati ya kufungia kwa nyuma badala ya washa za kusagika, zile pete zinazobonyea unapokaza. Unailaza breki sawa kwa pima maji, unakaza nati, basi. Ikikaa imeinama, gesi itausukuma mtutu upande.

Sasa kelele, na hapa naomba msomaji anisikilize vizuri. Breki inarusha mshindo ubavuni na kurudi nyuma, na bunduki hata bila breki tayari inavuka desibeli 140, ambapo mshindo mmoja tu waweza kuharibu masikio. Rafiki yangu wa Uvira, ninayewinda naye siku nyingine, alilala mita mbili kulia kwangu akiwa na vizibo vya sponji tu. Nilipofyatua aliinuka akashika kichwa: "Yaya, hii kitu itatuua masikio." (Yaya kwao ni kaka.) Nilijisikia vibaya sana, kwani nilipaswa kumwonya. Siku hizi ni vizibo na vikinga vya kufunika masikio kwa pamoja, kwake na kwangu, naye analala nyuma yangu, kamwe si ubavuni.

Jumamosi iliyofuata nilipiga sahani ya chuma kwa yadi 300. Picha ilitikisika kidogo ikatulia, na kwa jicho langu mwenyewe nikaona doa la kijivu likitokea kushoto, chini kidogo ya katikati.

Nikiwa na mgeni asiye na vikinga, naifungua na kurudisha kifuniko cha uzi. Lakini breki hubadilisha mahali risasi inapopiga: bila hiyo risasi yangu hupanda sentimita tatu na kwenda kulia moja kwa yadi 100. Nimeiandika kwa kalamu kwenye utepe mweupe ubavuni mwa kitako.